Sekunde Sita za Fundi Shufaa

Duka langu la viatu vya mtumba na kibanda cha Shufaa Alawi, fundi saa, vimetenganishwa na ukuta wa mbao, hapa karibu na soko la Iringa. Ukuta huo una tundu la ukubwa wa ngumi. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuletewa na mtu. Mengi niliyaona kwa macho, yaliyobaki niliyasikia kupitia lile tundu, na sioni aibu kusema hivyo.

Babu yake Shufaa alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akapanda huku kwenye baridi akisema anakaa mwezi mmoja. Wajukuu zake leo wanasalimia "kamwene" ya Kihehe bila kujikwaa. Baba yake, mzee Alawi, alitengeneza saa kwenye meza hiyohiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipofariki sote tulijua meza itakwenda kwa Abdulkarim, kaka mtu. Abdulkarim akachagua kutengeneza simu, akisema saa zimepitwa na wakati. Shufaa akavuta kigoda cha baba yake, akaketi. Mwaka ule wa kwanza wateja walikuwa wanafika, wanamtazama, halafu wanauliza fundi ametoka kidogo au vipi. Aliwajibu kwamba ndiye wanayeongea naye. Wengine waligeuza na saa zao. Sasa wanamfuata kutoka Mafinga na Makambako, na mimi niliyesema hatafika hata Idi naomba nijitaje mwenyewe kabla hajanitaja yeye.

Mzee Alawi alimwachia binti yake bisibisi, vibano, kioo cha jicho na sheria moja. Saa ya mteja ni amana. Ukishaitengeneza unaivaa siku tatu, upike nayo, utembee nayo, ulale nayo, uone kama inakwenda sawa kwenye mkono wa mtu mwenye shughuli. Lakini huichezei. Huionyeshi kwa watu, huibonyezi kwa kujifurahisha, hutumii kilicho ndani yake kama chako. Nimemwona Shufaa akivaa saa za watu zenye thamani ya ng'ombe wawili, na kila mara anashusha mkono wa baibui kuzifunika. Aliishika sheria hiyo kuliko hata baba yake, maana baba yake hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kazi hii haimfai.

Saa yake mwenyewe ni jambo jingine. Shufaa anavaa kisaa cha dijitali cha mraba, plastiki ya kijivu, mtindo wa zamani ule ambao wanafunzi wa vyuo wameanza kuutafuta upya. Alikiokota kwenye soko la mitumba la Mbalizi, karibu na Mbeya, siku nilipokwenda kuchukua mabalo ya viatu naye akafuatana nami kuchambua saa mbovu. Akakitia betri, kikafufuka. Kina taa hafifu ya njano na hulia kila saa inapotimia, hata mtu akiwa anasali. Nilimwambia kwamba fundi wa saa za mishale kuvaa plastiki ni sawa na mamantilie kula kwa jirani. Akanijibu kwamba anahitaji saa ya kupimia saa nyingine, na kwa kazi hiyo urembo haumsaidii kitu.

Mtu aliyekichukia kisaa hicho kuliko wote ni Mwalimu Tadeo wa Ilula. Ni mstaafu, mrefu, mkavu, amefundisha watoto mbio kwa miaka mingi na bado anafundisha bila kuulizwa na mtu. Mkononi ana saa ya chuma ya mishale, ya kujaza kwa kidole kila asubuhi, yenye vitufe viwili ubavuni. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu mwembamba unaanza kuzunguka. Ukibonyeza tena unasimama. Cha chini kinaurudisha mwanzo. Dakika zinahesabiwa kwenye kiduara kidogo pembeni. Alipewa na daktari mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo kila mtoto aliyekimbia Ilula amekimbia mbele ya mshale ule. Stopuwochi ya shule iliharibika zamani, na simu ya Mwalimu ni ya kupigia tu.

Mwezi wa pili aliileta kwa Shufaa akilalamika kwamba mshale unaruka anapobonyeza. Kabla haujaanza mwendo unashtuka, unachukua karibu nusu sekunde isiyo yake. Shufaa aliifungua, akaisafisha, akaipaka mafuta, kisha akazungusha skrubu moja ndogo inayoamua meno ya gurudumu moja yaume kiasi gani kwenye gurudumu la mshale. Akaivaa siku tatu. Ilikwenda bila kupoteza hata dakika. Mbele ya Mwalimu akabonyeza mara moja, mshale ukaondoka taratibu bila kuruka, akausimamisha. Mwalimu alifurahi mpaka akasema mzee Alawi hakufa, na Shufaa siku hiyo nzima alikuwa anaimba kaswida huku nyuma ya mbao.

Mwezi wa saba Mwalimu akarudi, safari hii kutaka mkanda mpya. Alikuwa anajiandaa kwenda Mbeya. Chuo kimoja huko kilikuwa kinachukua wasichana wanaokimbia na kuwasomesha bure mpaka wamalize, na jaribio lilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili kutoka siku hiyo: mita elfu moja mia tano, chini ya dakika nne na sekunde arobaini. Msichana akishindwa siku hiyo, basi, mwaka ujao atakuwa amepita umri wanaoutaka. Mkimbiaji wa Mwalimu alikuwa Esnath. Esnath anauza nyanya na mama yake pale Ilula, barabarani, kwa abiria wa mabasi, na kidato cha nne amemaliza kwa alama nzuri bila kupata pa kwenda. Mwalimu alisema anakimbia dakika nne na thelathini na saba, mara mbili mfululizo, kwenye vumbi. Sekunde tatu za akiba. Alilisema jambo hilo kama vile karo imeshalipwa.

Huku Shufaa akitoboa mkanda, Mwalimu akaanza kukisema vibaya kile kisaa. Saa isiyo na mishale, alisema, haikuonyeshi kitu. Ukitazama mshale unaona muda uliokwisha na uliobaki, kama vile unavyoona shamba limelimwa hadi wapi. Namba zinakupa ulipo tu, basi. Halafu mshale wa saa kila mtu anajua kuusoma upande wa pili, ukielekea moja unajua ni saa saba, lakini plastiki inamwandikia kumi na tatu na kumwachia hesabu za kutoa. Shufaa akasema hayo yote ni kweli, ila plastiki haijazwi, haisafishwi, haiathiriwi na baridi ya Juni wala na fundi. Mwalimu akacheka. Mimi nikapitisha kichwa mlangoni nikapendekeza zishindanishwe, maana nilikuwa sina mteja.

Wakabonyeza pamoja. Tukanywa chai. Kisaa kilipofika dakika tano kamili Shufaa akasema "sasa", na wote wawili wakabonyeza. Kisaa kilisimama kwenye dakika tano. Saa ya Mwalimu ilisimama kwenye dakika nne na sekunde hamsini na nne. Mwalimu alipiga goti lake kwa furaha na kunitaka niwe shahidi kwamba plastiki inakimbia mbele. Nilikuwa shahidi, na nilicheka naye, kwa sababu saa ya chuma ikipingana na ya plastiki mtu mwenye akili anaamini chuma. Shufaa hakucheka. Alimwomba Mwalimu amwachie saa mpaka kesho, eti akaze mkanda vizuri, na huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akimwambia mteja.

Mwalimu alipoondoka, Shufaa alitoa simu yake, akaipanga mezani pamoja na saa zote mbili, akarudia. Dakika tano, kisha tano nyingine, kisha kumi. Simu na kisaa zilikwenda pamoja kila mara. Mishale ya saa ya Mwalimu, ile ya kuonyesha wakati, nayo ilikwenda sawa. Ni mshale mrefu peke yake uliokuwa unabaki nyuma. Akavaa kioo cha jicho akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaniita nije nione. Sikuona chochote, mimi ni mtu wa viatu. Akanieleza kwamba meno yanagusana kwenye ncha tu, na kila baada ya muda jino moja linateleza, mshale unasita kidogo sana na kuendelea. Ile skrubu aliizungusha yeye, mwezi wa pili. Aliizidisha kiasi cha unywele.

Nikamuuliza ilikuwaje hakuona, na alikuwa nayo siku tatu. Akasema alikuwa nayo siku tatu na hakuubonyeza ule mshale hata mara moja, kwa sababu kupima mbio ni kazi ya mwenye saa. Alikuwa ameifunika kwa mkono wa baibui. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku akipanga vibano vyake kwa mstari, na nikajua ameumia.

Sasa nitasema nilichomshauri, ingawa hakinipendezi. Nilimwambia arekebishe skrubu, amrudishie mzee saa yake, anyamaze. Mwalimu mwenyewe ameshaamua kwamba plastiki ndiyo mbovu. Mtoto atakimbia atakavyokimbia, na meza hii imechukua miaka sita kuaminiwa. Mwalimu Tadeo akisema neno moja Ilula, litafika Mafinga kabla ya jioni. Shufaa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kupitia tundu la ukuta, maana nilikuwa nimesharudi kwangu kwa aibu ya kutoa ushauri ule.

"Esnath anadhani ana sekunde tatu za ziada, kaka Habibu. Hana. Anazidiwa na tatu. Nikinyamaza, atakwenda kuambiwa Mbeya."

Asubuhi yake alifunga kibanda, jambo ambalo halijatokea tangu msiba wa baba yake, akaenda Ilula. Nami nilikwenda, kwa sababu nilitaka kuona, na pia kwa sababu mtu aliyetoa ushauri mbaya anapaswa kubeba japo mfuko. Tulimkuta Mwalimu kwenye kiwanja cha shule, na Esnath ameshamaliza kukimbia, anafunga kanga juu ya bukta arudi kwenye nyanya zake. Ni msichana mwembamba, mkimya, ana tabia ya kumtazama mtu anayeongea mpaka amalize.

Shufaa alimwamkia Mwalimu shikamoo na hakuzunguka. Alisema mshale una kasoro, kasoro ni yake, aliifanya mwezi wa pili, na nyakati zote alizozipima tangu hapo ni pungufu kwa sekunde tano au sita. Nne na thelathini na saba ya Esnath ni nne na arobaini na tatu, au karibu na hapo.  

"Baba yako asingenifanyia hivi," alisema Mwalimu.

Nilitamani kuondoka. Shufaa macho yalimjaa machozi lakini hakuyafuta, na hakuinamisha uso.

"Ni kweli, Mwalimu. Nimefanya mimi. Nimekuja nikwambie kabla hujasafiri."

Ni Esnath aliyefuata kusema. Aliuliza zimebaki siku ngapi. Kumi, Mwalimu akamjibu bila kumtazama. Akauliza tena anatakiwa kupunguza sekunde ngapi. Shufaa akamwambia tatu, na afadhali nne. Msichana akafungua ile kanga aliyokuwa ameifunga, akamkabidhi Shufaa aishike.

"Basi nipimeni tena. Sasa hivi nimechoka, lakini nataka kuijua ya kweli."

Hapo ndipo kile kisaa cha Mbalizi kilipopata heshima yake. Duara la kiwanja cha Ilula lina mita mia tatu, Mwalimu alilipima kwa kamba, kwa hiyo mbio zile ni mizunguko mitano. Kisaa, ukibonyeza kitufe cha pembeni, namba zinasimama usoni ili uzisome huku chenyewe kikiendelea kuhesabu ndani. Ukibonyeza tena zinakimbilia zilipofika. Saa ya mishale ya Mwalimu haiwezi hilo, ukiisimamisha imesimama. Kila Esnath alipopita Shufaa alisoma kwa sauti, nami niliandika nyuma ya risiti. Siku hiyo, kwa uchovu, alikwenda vibaya, tukaiacha. Kesho yake asubuhi tulirudi, akiwa amepumzika, na namba zikatoka hivi: hamsini na nne, hamsini na tano, hamsini na nane, sitini, hamsini na tano. Jumla, nne na arobaini na mbili.

Mwalimu aliichukua ile risiti akaitazama sana. Mzunguko wa tatu na wa nne. Akamuuliza Esnath kwa nini pale analegea, kwa sauti ya ukali, na Esnath akasema kwa sababu ndipo Mwalimu anapompigia kelele kwamba ana akiba, ajitunze. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwezi wa pili. Mwalimu alisoma mshale mpungufu, akamwambia mtoto ametangulia, na mtoto, kwa utiifu, akapunguza mwendo.

Mwalimu akazungumza na Shufaa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuomba radhi, wala sikutegemea aombe. Alimwambia avue kile kisaa, na yeye akakifunga mkononi mwake pale ambapo saa ya chuma ilikuwa ikikaa, ngozi bado ni nyeupe kidogo. Kilikuwa kidogo mno kwake, kikabana. Akaagiza saa ya chuma itengenezwe, na akasema safari hii fundi aibonyeze.

Aliibonyeza. Siku nane nilisikia kupitia tundu kile kitufe kikibonyezwa asubuhi, mchana, na wakati wa kufunga. Aliirudisha ile skrubu, akapima, akairudisha tena kidogo, akapima. Aliuacha mshale uzunguke nusu saa, saa nzima, saa yenyewe ikiwa imelala, imesimama, imevaliwa huku anakuna nazi. Mwanzoni ilikuwa inamkera, kama vile anafungua kabati la mtu, alikiri hivyo kwangu. Siku ya tano mshale na simu vilikuwa vinafika pamoja, na wakati wa kuanza hauruki. Nilimwambia baba yake angejivunia. Akasema baba yake angemfokea kwanza kwa kuichezea saa ya mtu, kisha angeijaribu mwenyewe pembeni asionekane. Tulicheka, na sasa nilijua amepona.

Mazoezi ya Ilula nayo hayakulala. Esnath alikimbia kila alfajiri kabla mabasi hayajaanza kupita, na Mwalimu, amekaza kile kisaa, alikuwa hasemi tena habari za akiba. Alisema namba tu. Hamsini na sita. Hamsini na sita. Siku ya mwisho kabla ya kupumzika walipata dakika nne, sekunde arobaini nukta mbili, na yule msichana akarudi kuuza nyanya kama vile amekwenda kuchota maji. Nilimchagulia viatu mwenyewe, jozi nzuri kuliko zote katika balo la mwezi ule, na nitaomba hilo likumbukwe.

Tulisafiri Ijumaa wote wanne. Mimi nilikuwa na mzigo wa kuchukua Mbalizi, au ndivyo nilivyosema nyumbani. Kiwanja cha chuo kilikuwa kizuri, chenye mistari ya chokaa, na wasichana kumi na wawili walikuwa wanaruka-ruka kujipasha moto kwenye baridi ya Mbeya. Waamuzi watatu walisimama kwenye mstari na stopuwochi zao. Sisi tulijipanga kwenye kamba, upande wa kumalizia.

Shufaa alimpa Mwalimu saa yake ya chuma, imesuguliwa, mkanda mpya. Mwalimu aliipokea, akaijaza kidogo kwa kidole, akaitia sikioni. Halafu akamrudishia.

"Hii bonyeza wewe, fundi. Mimi nina hiki cha plastiki."

Shufaa alisema saa ni ya Mwalimu. Mwalimu akasema anajua ni ya nani, na akageuka kutazama mstari wa kuanzia. Filimbi ikalia, na nikaona kidole gumba cha Shufaa kikishuka.

Sitasimulia mbio zote. Mizunguko miwili ya kwanza Esnath alikuwa wa sita, katikati ya kundi, nikaanza kuvilaumu viatu vyangu. Mzunguko uliofuata, pale alipozoea kulegea, hakulegea. Wengine ndio walirudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, naye akabaki palepale kwenye mwendo uleule mpaka akawa wa pili. Mwalimu hakupiga kelele hata moja. Shufaa alikuwa hamtazami mkimbiaji. Alikuwa anatazama mshale, ukipita thelathini, ukipita sitini, na midomo yake ilikuwa inacheza kwa dua. Nusu ya mwisho ya mzunguko sikuiona vizuri kwa sababu nililia, na mtu asinicheke, yeyote aliyemwona msichana yule akija na mdomo wazi na mikono inapasua hewa angelia.

Alivuka mstari. Shufaa akabonyeza. Mwalimu naye akabonyeza, na waamuzi wakainamisha vichwa pamoja juu ya stopuwochi zao, wakaanza kuulizana.

Mwalimu Tadeo alikuwa na jibu kwenye mkono wake mwenyewe, kubwa, la namba, lisilohitaji hata miwani. Hakulitazama. Aliuficha mkono ule mgongoni, akamgeukia Shufaa.

"Soma, fundi."

Shufaa aliinua saa karibu na uso. Akaangalia kiduara kidogo cha dakika, akaangalia mshale mrefu, akaangalia tena kiduara.

"Nne," alisema, "na thelathini na tisa."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akapita chini ya kamba, akaanza kutembea kumwendea Esnath aliyekuwa amepiga magoti kwenye chokaa. Alikuwa amefika nusu ya njia na kumwonyesha kwa vidole, vinne, kisha vitatu na tisa, wakati mwamuzi mkuu alipoinua kipaza sauti na kutangaza namba hiyohiyo.

Tulirudi Iringa Jumapili. Saa ya chuma ilibaki mkononi mwa Shufaa njia nzima, juu ya mkono wa baibui, na Mwalimu hakuiomba.